Jibu: Picha za kifua za watoto zinatikisika, narudia mara mbili mbili
Waalaykum salaam ndugu yangu wa Wete. Umesema watoto wa miaka miwili mitatu unaowapiga eksirei ya kifua wanatoka na picha iliyotikisika, unarudia, na unaogopa mionzi isiwazidi. Una haki kuogopa.

Kwanza tazama muda wa kupigia. Mimi nilikuwa natumia mA (kipimo cha mkondo wa umeme wa mashine) ndogo na muda mrefu. Mtoto akishtuka akalia, mbavu zinatoka mbili mbili. Nikapandisha mA, nikafupisha muda, mAs (mA mara sekunde) ile ile: mionzi haikuongezeka, na kurudia kukapungua sana.

Halafu toa gridi, ule wavu wa risasi unaozuia mionzi iliyotawanyika. Kifua chembamba cha mtoto hakiihitaji, na ukiiacha mahali pake unalazimika kutumia mionzi mara mbili au zaidi. Ukishaitoa, shusha mAs. Bana taa inayoonesha eneo la mionzi, iishie kifuani. Nimeona picha ya kifua ina taya na kitovu, iliniuma.

Dijitali ina hatari yake: ukizidisha mionzi, picha hutoka safi, hushtuki. Soma kila mara ile namba inayoonesha mionzi iliyofika kwenye kaseti, lile bamba linalopokea picha. Mashine yako sijaiona, na kila kampuni ina namba zake, basi fungua kitabu chake.

Anayemshika mtoto avae aproni ya risasi, asiwe mjamzito.