Lori la jeshi, na mdhamini aliyedhani ni Probox

Kwa Mpenda Bedford, Njoro

Barua yako nimeisoma, mwanangu. Unaeleza kwamba una miaka 41, duka la pembejeo hapo Njoro, mke na watoto watatu, na kwamba tangu utotoni, ulipokuwa ukitazama misafara ya jeshi ikipita Lanet, umetamani kumiliki lori la Bedford. Sasa umepata moja aina ya RL, iliyostaafishwa jeshini, kwa muuzaji anayetaka shilingi 650,000, nawe umemlipa arubuni ya shilingi 150,000 kutoka kwa mkopo wa Sacco ambao mkeo aliudhamini akiamini mnanunua Probox, gari dogo la Toyota. Unanuia kuligeuza liwe gari la kila siku, la kubeba chakula cha mifugo na kuwapeleka watoto shuleni, na unaniuliza umshawishi vipi mkeo akuelewe, maana tangu aione risiti katika mfuko wa koti lako hasemi nawe ila kuhusu karo na unga.

Mkeo amekuelewa vizuri sana. Anajua kwamba ukishindwa kulipa, Sacco itachukua akiba yake kufidia deni lako, na anajua kwamba alitia sahihi kwa ajili ya kitu kingine. Kwa hivyo usimwendee na sifa za lori. Keti naye, umwekee mezani mkataba wa mkopo, risiti na hesabu ya gharama zote zitakazofuata, kisha umwombe radhi kwa kulitumia jina lake bila kumwambia ukweli. Radhi hiyo usiiambatanishe na ombi lolote siku hiyo.

Hesabu yenyewe naweza kukusaidia kuiandaa, kwa sababu nililelewa uani mwa gereji ya malori na sina kinyongo na Bedford. Aina hiyo ya RL ilianza kuundwa Uingereza mwaka 1953, na usukani wake ukiwa kulia hautakuletea taabu hapa kwetu. Rafiki yako anayekuhimiza uagize Unimog kuukuu, lori la Mercedes, kutoka Ujerumani anakupotezea wakati, kwani Kenya hairuhusu kuagizwa kwa gari lililotumika ambalo limepita umri wa miaka 8, na lenye usukani wa kushoto halisajiliwi isipokuwa liwe la kazi maalumu.

Kabla ya kulipa hata shilingi nyingine, mwulize muuzaji logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari. Lori likiwa jeshini huwa na nambari za kijeshi, kwa hivyo lazima pawepo karatasi zinazoonyesha liliuzwa lini na kwa nani, na jinsi lilivyosajiliwa baada ya hapo na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Chukua tochi, uifute grisi kwenye fremu, usome nambari ya chasisi wewe mwenyewe, na uilinganishe na karatasi. Ikiwa alicho nacho ni makubaliano ya mauzo pekee, mdai arubuni yako kwa maandishi. Akikaidi, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Uangalie pia leseni yako, kwani lori hilo likiwa tupu lina uzito unaozidi tani 4, na leseni ya gari dogo haitoshi.

Sasa breki, ambazo hukuzitaja hata mara moja katika kurasa tatu ulizoniandikia, ingawa ulitaja rangi, redio na kibebeo cha juu. Malori ya zama hizo yana breki za ngoma, na ngoma zikipata joto kwenye mteremko mrefu hupoteza nguvu. Wewe unasema utakuwa ukinunua nyasi kavu Molo, maana yake ukipitia barabara kuu utateremka Sachangwan hadi Salgaa ukiwa na shehena, na wewe mkazi wa Njoro huhitaji kuhadithiwa yaliyowapata wengine hapo. Tena lori lililokaa miaka bila kutembea huwa limekaukiwa raba za silinda za breki. Injini ikiwa inanguruma, kanyaga pedali kwa nguvu na uishikilie kwa dakika nzima. Ikiendelea kuzama polepole chini ya mguu wako, kuna mahali mafuta ya breki yanavuja. Fungua magurudumu yote manne hata kama muuzaji anaapa kwamba moja latosha.

Matairi yasikudanganye kwa meno yake marefu. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT, ambazo huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Matairi ya zamani mno hupasuka hata kama hayajalika, na yasipokuwa na tarakimu hizo kabisa, hesabu bei ya seti mpya. Baadhi ya ringi za kijeshi ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa nati, na fundi wa pancha akizilegeza nati hizo kabla ya kutoa upepo wote, ringi inaweza kumrukia na kumuua. Mwonye kila fundi atakayeligusa.

Injini yake ya asili ni ya petroli, silinda 6, lita 4.9, na katika mwinuko wa Njoro, unaopita mita 2,000, hupungukiwa na karibu moja ya tano ya nguvu zake. Kuhusu matumizi ya petroli, usiamini kinywa cha muuzaji: jaza tangi, nenda Naivasha na kurudi, ujaze tena, ugawanye. Jibu hilo liingie katika hesabu utakayompa mkeo, hata likikuaibisha. Ukifikiria kuweka injini ya dizeli ya Isuzu, jambo ambalo mafundi wengi wanaliweza, kumbuka kwamba kubadilisha injini, rangi au bodi lazima kuripotiwe NTSA ili logibuku irekebishwe. Madoadoa ya kijeshi usiyapake kamwe, labda kama unapenda kusimamishwa kila kizuizi cha polisi.

Kwa maoni yangu, hilo si gari la kila siku. Ni lori la shamba na la kujifurahisha Jumapili, na nyumba yenu ilihitaji Probox. Ikiwa mkeo, baada ya kuona kila kitu, atakubali mlimiliki, lipe breki, usukani na matairi fedha za kwanza, na urembo usubiri mpaka deni la Sacco liishe. Akikataa, umrudie muuzaji wiki hii, kabla ya salio kuiva, na umwombe mkeo mwende pamoja. Wauzaji wa aina hiyo hubishana kidogo wanapoona mashahidi wawili. Watoto wasipande nyuma kwenye mabenchi ya mbao, waendelee na basi la shule.

Shangazi