Wakimbizi, redio na sheria: maswali yenu wiki hii

Redio ilitangaza "Warundi watatu mbaroni kwa wizi". Kama ni kweli, kosa liko wapi? (Msomaji, Kasulu)

Mwizi akitokea Iringa, hatusikii "Mhehe mbaroni". Tunatajiwa jina lake, umri na kijiji. Mkimbizi hutajwa kwa taifa lake, na kesho yake kila mwenye lafudhi ya ng'ambo ya mpaka anatazamwa mikono pale mwaloni Kibirizi, Kigoma, hata kama amekuja kununua dagaa tu.

Si unakuza mambo? Hayo ni maneno tu. (Msomaji, Ujiji)

Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, hapo Arusha, iliwatia hatiani waanzilishi wa redio RTLM na mhariri wa gazeti la Kangura kwa uchochezi wa mauaji ya kimbari ya 1994. Hatujafika huko, na tusifike.

Mbona wakimbizi wasiruhusiwe kufanya kazi? (Msomaji, Kibondo)

Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inawataka wakae maeneo yaliyotengwa. Kutoka bila kibali ni kosa. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996. Aliyezaliwa humo mwaka ule leo ni mtu mzima, na sisi wa mjini hatujawahi kumwona akisoma, akishona wala akilea. Tunamsikia siku aliyokamatwa nje ya kambi, huenda akiokota kuni, au akipalilia mihogo ya Muha, mwenyeji wa Kigoma, aliyemwita mwenyewe kwa kibarua. Sheria inaligeuza jembe lake kuwa kosa, taarifa ya habari inalifikisha sebuleni, nasi tunasema watu hawa ni wahalifu. Ningeanza kurekebisha sheria. Na wahariri waombe kibali cha kuingia kambini hata siku isiyo na tukio.

Kuna mahali mambo yalikwenda vizuri? (Msomaji, Urambo)

Jirani yako tu. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo walipewa ardhi, wakalima, na baadaye zaidi ya 160,000 wakapewa uraia. Wenzao wa 2015, waliobebwa na meli ya MV Liemba kutoka kijiji cha mpakani cha Kagunga, waliishia kambini.

Mimi Muha wa Manyovu, lakini kwenye vizuizi naitwa Mrundi. Nifanyeje? (Msomaji, Buhigwe)

Pole sana, ndugu yangu. Kiha na Kirundi vinasikilizana, na tangu Operesheni Kimbunga ya 2013, ya kuwaondoa wahamiaji haramu, wengi wanalalamika hivyo. Tembea na kitambulisho cha NIDA. Ukishikiliwa, omba kwa upole mtendaji wa kijiji chako apigiwe simu, na jina la ofisa uliandike.