Bibi kawa bluu Kaole, manjano mezani

SWALI: Shikamoo fundi. Mwaka 2006 tulisafiri mimi, mama na bibi toka Tanga mpaka Bagamoyo kumsalimia shangazi, nikapiga picha na kikamera cha dijitali cha kuazima. Juzi nimezikuta kwenye sidii, kufungua nimechoka kabisa. Za magofu ya Kaole chini ya mbuyu bibi kawa bluu, za usiku mezani kwa shangazi kila mtu kama kapakwa manjano, na ile ya jua linazama baharini nyuma ya ngalawa ni chungwa tupu. Bibi kaiona ya Kaole kasema "huyo sio mimi, huyo maiti". Zimechuja kwa kukaa miaka yote hii? Zinarekebishika?
Binti wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba binti yangu, mpe bibi pole. Hazijachuja. Picha ya karatasi ndo inachuja ikining'inia ukutani inapigwa jua, faili halichuji, kwa hiyo ule ubluu ulikuwepo tangu siku ileile sema kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera hukuuona.

Tatizo ni mwanga. Jicho linajirekebisha lenyewe, shuka jeupe unaliona jeupe juani na kwenye balbu pia, ila kamera inakisia, na vile vikamera vya zamani vilikuwa vinakisia hovyo. Rangi ya mwanga inapimwa kwa kelvini, namba ikishuka ndo unjano, ikipanda ndo ubluu. Jua la mchana ni kama kelvini 5,500, balbu ya waya ni 2,700 hivi ndo yale manjano ya kwa shangazi, na kivulini ambako mwanga mwingi unatoka angani kuliko kwenye jua lenyewe inaweza kupita 7,000, hapo ndo bibi alipogeuka bluu.

Tengeneza kopi kwanza, maana JPEG, hiyo aina ya faili la picha, kila ukiihariri na kuisevu inapoteza kidogo. Zima na ule unjano wa usiku kwenye kioo cha kompyuta la sivyo utarekebisha kioo badala ya picha. Halafu fungua GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, kwenye leveli (Levels) kuna vidude vitatu kama vya kudondoshea dawa ya macho, chukua cha katikati, cha kijivu, gonga kitu unachojua hakina rangi, saruji kwa mfano. Mawe ya Kaole usiyaamini sana, yana ukungu. Na kanzu angalia mwenye nayo anafua na nini, maana mimi niligonga kanzu iliyotiwa bluu picha nzima ya harusi ikawa njano nikashinda nusu siku nalaumu kompyuta.

Kama kanga aliyovaa bibi bado ipo sandukuni itoe, ifunue kwenye upindo ulioshonwa, pale ndani jua halijafika na rangi ni ya dukani bado, ilete karibu na kioo ulinganishe. Ila kama ni nyekundu na kwenye picha imeungua kuwa doa jekundu moja, jina la kanga halisomeki, hiyo haina dawa, kamera haikulirekodi.

Usilinganishe kwa kuangalia sura za watu, mkono unavutika tu kuwafanya weupe. Kuna studio iliwahi kumfanyia mama yangu hivyo, tukawa na mgeni ukutani.

Za mezani vuta kimstari cha joto la rangi kuelekea bluu, usimalize, acha unjano kidogo maana ilikuwa usiku na taa ya balbu kweli. Kama barazani kulikuwa na tyubu pia itabidi uchague kila upande na kuurekebisha peke yake, la sivyo ukiponya meza baraza linaharibika.

Ile ya ngalawa usiiguse. Tena umesema jua linazama baharini, Bagamoyo bahari iko mashariki binti yangu, jua linatokea huko na kuzama upande wa bara. Hiyo uliipiga alfajiri, muulize bibi mliamka saa ngapi.