Re: Ramani inanitupa barabara kubwa kwenda Kaole

Mambo ndugu. Kumbe unataka kwenda magofu ya Kaole kwa baiskeli toka Bagamoyo mjini, kama km 5 hivi, ila ramani inaikataa njia ya ndani inakutupa kwenye magari. Cheki kwanza umechagua baiskeli au gari, mi hilo lilishanizungusha bure. Kama ni baiskeli, vuta ramani karibu uangalie njia imeungana mwanzo mwisho, maana OpenStreetMap, hiyo ramani ya mtandaoni, inachorwa na watu kama sisi na vipande viwili vya njia vikiachana hata mita moja tu programu inaona hapapitiki. Ukiona pengo fungua akaunti uunganishe, bure kabisa, ila chora ulipopita mwenyewe. Afu pakua GPX, yaani faili lenye mstari wa njia yako, kabla hujatoka. Ufukweni usiufuate ule mstari kichwa kichwa, haujui maji kujaa, bamvua likikukuta utaibeba baiskeli begani.