Mjomba, kazi ya databesi naianzia wapi?

SUALI: Asalaam alaykum Mjomba. Mie nipo Wete, nimemaliza diploma ya kompyuta nataka niwe msimamizi wa databesi, yaani mtunzaji wa kumbukumbu zilizopangwa kwenye kompyuta, ila nyumbani wananambia kazi yenyewe haionekani. We waonaje?

JAWABU: Waalaykum salaam mwanangu. Haionekani kweli, maana ukiifanya vizuri hakuna anokumbuka kama upo, mpaka siku mgonjwa kafika hospitali na faili lake halifunguki, hapo ndo wote wanakuulizia.

Anza na SQL, lugha ya kuiuliza na kuiamrisha databesi. Msingi wake ni fikra alizoandika Edgar Codd wa kampuni ya kompyuta ya IBM mwaka 1970 na mpaka leo ndo lugha ya kazi hii. Pakua PostgreSQL, programu ya kuendeshea databesi, ni ya bure, halafu tengeneza databesi ya karafuu za nyumbani kwenu, wachumaji, pishi walizoleta, nani kalipwa nani bado. Utajifunza kuliko kukariri notsi.

Na bakapu mwanangu, yaani kopi ya akiba, bakapu! Ofisi moja nilofanya kazi ilikuwa inachukuliwa kila usiku lakini hakuna alojaribu kuirudisha hata mara moja, seva, ile kompyuta kuu, ilipokufa tukakuta mafaili matupu, tukaingiza rikodi upya kwa mkono kutoka kwenye makaratasi, niliumia sana. Kila mwezi irudishe kwenye mashine nyengine uone inafunguka. Na kopi moja ikae mbali na jengo, maana jengo zima laweza kukosa umeme, Unguja uliwahi kukatika toka Disemba 2009 mpaka Machi 2010.

Waoneshe wazee hiyo databesi ya karafuu, wataiona kazi.