Kitufe ndicho kinachowashinda, si miguu

Siku tulipowasha mchezo wa video wa bolingi kwa mara ya kwanza katika makao ya wazee nilikokuwa mhudumu, tulikuwa tumejiandaa kwa mabaya ambayo hayakuja. Tulipima shinikizo la damu, tukaondoa mazulia, tukamweka mtu nyuma ya kila kiti. Hakuna aliyeanguka wala aliyeishiwa pumzi. Kilichotushinda ni kitufe kimoja kilichojificha upande wa chini wa rimoti.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: katika bolingi ya Wii Sports, mchezo wa televisheni unaochezwa kwa mtambo wa Nintendo uitwao Wii, unashika rimoti, unabonyeza kitufe cha B kwa kidole cha shahada, unapeleka mkono nyuma, unauleta mbele, na ukifika mbele unaachia kitufe. Tufe linabingirika, pini zinaanguka. Kijana humwambii mara mbili. Lakini mtu wa miaka 84 ambaye vidole vimekakamaa, na ambaye maisha yake yote hajashika kifaa kinachomtaka abonyeze, arushe na kuachia kwa mpigo mmoja, huachia mapema. Hapo tufe huruka nyuma, na wale watazamaji wa ndani ya televisheni hushtuka wakarukaruka. Bibi aliyetangulia kucheza alilirusha nyuma mara tatu mfululizo. Akaniwekea rimoti mapajani, akasema, "Mwanangu, haya wachezeeni watoto wenu." Hakukanyaga ukumbini kwa wiki mbili.

Kosa lilikuwa langu. Nilimfundisha mambo matatu kwa pamoja, tena mbele ya watu kumi na wawili waliomkodolea macho.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayetaka kuanzisha michezo hii: usianze na televisheni. Toa betri kwenye rimoti, izungushe mezani wakati wa chai, kila mmoja aishike na kuigeuzageuza. Bonyeza, achia. Bonyeza, achia. Siku nyingine fundisha mkono peke yake, bila kitufe. Mkono na kidole vikishazoea kila kimoja kivyake, ndipo uvikutanishe. Sisi tulibandika kipande cha plasta juu ya kitufe ili kidole kikipapase na kukitambua bila macho kuhitajika, maana kiko chini na hakionekani. Halafu ukumbi mzima ukapewa kazi. Mchezaji akipeleka mkono nyuma wenzake wanaimba "rudishaaa", akiuleta mbele wanapiga kelele "achia!" Sauti ile ilifanya kazi kuliko maelezo yangu yote.

Wapo ambao kidole hakitaki kabisa, kwa kiharusi au kwa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili. Kwa hao nilikuwa nakaa ubavuni, kidole changu kwenye kitufe, mkono wote ukiwa wao. Naomba usiuone huu kama udanganyifu. Aliyerusha ni yeye. Ila usimshike mkono ukaurusha wewe. Mzee anajua upesi sana nani amecheza, na hapo ndipo anapojisikia mtoto.

Utaniuliza, kwa nini nisiwape mchezo usio na kitufe? Tenisi ya kwenye Wii Sports, kwa mfano, humtaka mtu apunge mkono tu, kwa kuwa wachezaji wa kwenye skrini hukimbia wenyewe. Tulijaribu. Tenisi haina subira: mpira unakuja tu, uwe tayari usiwe tayari, na aliyekosa mara tano anakata tamaa. Bolingi hukungoja. Unaweza kurekebisha miwani, ukamalizia hadithi yako, ukatupa tufe lako lile lile. Tena watu wanne wakipokezana, kila mmoja na mizunguko yake kumi, kila mmoja anapata pumziko refu bila kuambiwa pumzika. Kuhusu Kinect, ile kamera ya Xbox, mtambo wa michezo wa Microsoft, iliyotoka mwaka 2010, haina rimoti kabisa na wazo lake ni zuri, lakini inataka mtu akae mbali nayo kama mita mbili, na mhudumu akisimama karibu na mzee kamera inaweza kumfuata mhudumu. Isitoshe, iliacha kutengenezwa mwaka 2017. Nintendo Switch, mtambo uliokuja miaka mingi baada ya Wii, nayo ina bolingi yake katika mchezo wa mwaka 2022; rimoti zake ni ndogo, na mkono uliokakamaa hushika kitu kinene kwa urahisi kuliko chembamba. Mtambo wa zamani uliotumika, kwa kazi hii, si aibu.

Kiti kiwe na mikono, nyayo zikae sakafuni, na kama ni kiti cha magurudumu breki zifungwe, kisha zikaguliwe tena na mtu mwingine. Kukaa si kushindwa. Wengi waliosema "mimi sichezi" walikuwa wanaogopa kusimama, basi. Anayetaka kusimama aketi kidogo ukingoni mwa kiti kwanza, kisha anyanyuke taratibu, maana wazee wengi shinikizo hushuka ghafla wanapoinuka. Mara tu baada ya kula pia si wakati mzuri, kwa sababu hiyo hiyo. Sisi tulicheza katikati ya asubuhi. Jioni wenye ugonjwa wa kusahau huwa na wasiwasi, na kelele za mchezo huwaongezea.

Mkanda wa rimoti uvaliwe kwenye kifundo cha mkono kila mara. Desemba 2006, wiki chache tu baada ya Wii kuingia sokoni, kampuni yenyewe, Nintendo, ilianza kuwabadilishia watu mikanda takriban milioni 3.2 kwa minene zaidi kwa kuwa ilikuwa ikikatika. Wale walikuwa vijana. Ngozi ya mzee ni laini, kwa hiyo weka kitambaa chini ya mkanda na usiukaze.

Na usiwaache wacheze mpaka wachoke. Mwaka 2007 daktari mmoja, Julio Bonis, aliandika katika jarida la New England Journal of Medicine jinsi alivyoamka na bega linalomuuma baada ya kucheza tenisi ya Wii kwa saa kadhaa. Alikuwa na miaka 29! Maumivu huja kesho yake, wakati ambao mzee haunganishi tena bega na mchezo, anajua tu kwamba ameamka mbaya. Siku ya kwanza mizunguko mitatu inatosha, hata kama anang'ang'ania rimoti.

Kile kibao cha kupimia mizani ya mwili ambacho mtu hukanyaga juu yake, mimi nilikiacha kabatini mpaka mtaalamu wa tiba ya viungo alipokuwepo. Kimeinuka sentimita chache tu, lakini kushuka kinyumenyume sentimita chache bila kuona sakafu ndiko kunakovunja nyonga. Pia baadhi ya michezo ya namna hiyo huanza kwa kumpima mtu na kumtangazia umri wa mwili wake. Ruka sehemu hiyo. Mzee hakuja kutukanwa na televisheni.

Tusidanganyane pia kuhusu faida. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka wazee wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, kadiri afya inavyoruhusu, na mazoezi ya nguvu na mizani ya mwili siku tatu au zaidi. Bolingi ya kukaa kitini haifiki huko, na ndugu wakikuuliza kama itachukua nafasi ya tiba ya viungo, jibu ni hapana. Nilichokiona mimi ni kidogo zaidi: watu waliokuwa wakisukumwa kwenda ukumbini walianza kuuliza wenyewe saa ngapi.

Yule bibi alirudi, lakini si kucheza. Alikuja na karatasi na kalamu. Mashine huhesabu alama yenyewe, yeye hakuiamini. Akaanza kuandika, na siku ya pili akatangaza kwamba mashine inaiba, kwani mtu aliyeangusha pini zote kumi alikuwa amepewa zaidi ya kumi. Nikamweleza kwamba anayeangusha zote kwa tufe moja huongezewa alama za matufe mawili yanayofuata. Akanitazama kwa muda, akafuta, akahesabu upya. Kuanzia hapo akawa karani wetu, na mabishano yote yalipelekwa kwake.

Mwezi wa pili akaniita, akanong'ona nimfundishe kitufe, chumbani kwake, mlango ukiwa umefungwa. Tulifanya hivyo asubuhi nne. Siku ya tano akaomba zamu ukumbini. Wenzake wakaimba "rudishaaa", naye mkono ukiwa bado nyuma akaachia kitufe, tufe likawarukia watazamaji wa kwenye skrini, wakatawanyika. Nikasogea kumsaidia. Akanizuia kwa mkono.

"Niache," akasema. "Hao ndio walionicheka siku ya kwanza."