Tulitumwa Kuhubiri, Tukapewa Zamu ya Kudeki

Jumapili ya tatu tangu tufike, shemasi mmoja mzee alinifuata baada ya ibada, karatasi mkononi. Nikajua ni ratiba ya wahubiri, baba watoto kapangiwa mimbari. Kumbe ni zamu ya usafi. Jina letu lilikuwa limeshaandikwa: wiki ya pili ya Novemba, ukumbi, jikoni na vyoo. Nikatabasamu pale pale, nikafika nyumbani nikalia. Kule kwetu Mbeya mama mchungaji akigusa ufagio tu, akina mama watatu wameshamnyang'anya.

Sasa ni mwaka wa sita tuko Ujerumani, katika mji mdogo wa jimbo la Hessen, kanisa la Kibaptisti ambalo Jumapili nzuri lina watu 35. Juzi dada mmoja wa nyumbani, anayejiandaa kutoka na mume na watoto wawili kwenda umisionari, aliniuliza ninamshauri nini kabla hajafunga mabegi. Nilimrekodia ujumbe wa sauti wa dakika kumi na nane. Akasema, "Dada, andika tu."

Basi naanzia kwenye huo ufagio. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: methali hii tumeisema maisha yetu yote tukiwa wenyeji, haikutujia kwamba siku moja mgeni wa siku ya tatu tungekuwa sisi. Yule mzee alikuwa ananikabidhi jembe. Ubaptisti wa Ujerumani ulianzia Hamburg mwaka 1834, Johann Gerhard Oncken na wenzake sita walipobatizwa katika mto Elbe, na kauli yake kwamba kila Mbaptisti ni mmisionari wazee wa hapa wanaitaja mpaka leo. Kwa hiyo ukijitambulisha kuwa wewe ni mmisionari, wanakuangalia kama mtu aliyesema ana pua. Deki. Kijerumani changu cha kwanza kilichoeleweka sikukipata darasani, nilikipata jikoni kwa bibi wa miaka 78 tukikausha vikombe, naye ndiye aliyenishika mkono siku nilipopata habari za msiba wa baba.

Mkutano wa washiriki nao ulitunyoosha. Nyumbani pia tunapiga kura, lakini mchungaji akishasema, kura inakuwa ya kupitisha. Hapa mchungaji ana kura moja kama bibi wa vikombe. Baba watoto alileta hoja ya mkesha wa maombi kila mwisho wa mwezi. Ikajadiliwa saa nzima na nusu, katibu akiandika kila neno, kisha ikaanguka: 17 kwa 4. Kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni muda wa utulivu, jirani akisumbuliwa anaita polisi, na wengi wa washiriki wetu saa tatu wameshalala. Siku mbili nzima mume wangu hakuongea. Baadaye akagundua alichokosea: alipeleka jambo mkutanoni kabla hajalinywea kahawa katika nyumba tatu nne. Leo tunaomba Jumamosi asubuhi, mkate na jibini mezani, na wale 17 wanakuja.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi kwa sababu inaniudhi. Walutheri na Wakatoliki hapa hukatwa kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya kodi ya mapato kutegemea jimbo, nayo hukusanywa na serikali. Sisi Wabaptisti tunaishi kwa sadaka. Kanisa la wastaafu linaweza kulipa nusu mshahara. Nusu nyingine ni makanisa ya nyumbani, na mwezi ambao shilingi imeshuka, hiyo nusu inakuwa robo. Paulo alishona mahema, baba watoto anapanga vifurushi ghalani siku tatu kwa wiki. Ndugu nao wanaamini mko Ulaya mnakula kuku kwa mrija. Kabla hamjaondoka, wakalisheni wazazi na wajomba, muwaonyeshe karatasi: kodi ya nyumba, bima ya afya ambayo ni lazima, gharama ya kupasha nyumba joto. Mkichelewa, kila simu ya nyumbani itakuwa kesi.

Sasa watoto. Hapa ndipo nilipokosea zaidi, kwa hiyo nivumilie.

Kuwafundishia nyumbani sahau, sheria ya Ujerumani inamtaka kila mtoto aende shule. Wetu wa kwanza alikuwa na miaka tisa, akaingia darasani Januari bila neno la Kijerumani. Ndani ya mwaka alikuwa anatusahihisha sisi. Tukafurahi, tukamgeuza mkalimani wa familia: benki, kwa daktari, mpaka ofisi moja ya serikali tulipokwenda kuongeza kibali cha kuishi. Afisa akasema nyaraka zetu hazitoshi, huenda tukatakiwa kuondoka. Aliyetutafsiria maneno hayo, neno kwa neno, ni mtoto wa miaka kumi. Kibali kilitoka baada ya wiki sita. Yeye alikojoa kitandani wiki mbili mfululizo, na mimi nikawa namfokea kwa ajili ya mashuka kabla akili haijanijia. Tafuteni mtu mzima. Mlipeni ikibidi. Mtoto atafsiri sokoni, bei ya nyanya, aishie hapo.

Tena tulikuwa tunawavalisha vitenge kila tulipoalikwa kanisa jingine, wanaimba pambio mbili, watu wanapiga picha. Siku moja kijana wetu huyo wa kwanza akaniuliza ndani ya gari, "Mama, watoto wa mchungaji wa huku tunakoenda na wao wataimba?" Sikuwa na jibu. Vitenge vikarudi begini, na tangu siku hiyo tunawauliza kwanza. Binti bado anapenda kuimba. Kaka yake anabeba vyombo vya muziki, inatosha. Mezani na kwenye sala ya usiku tunashika Kiswahili bila msamaha, maana bibi yao Mbeya hatajifunza Kijerumani.

Na upweke. Desemba jua linazama saa kumi na nusu, na hakuna jirani anayebisha hodi kuomba chumvi. Mimi niliokolewa na ukoko. Kama makanisa mengi ya Kibaptisti hapa, tulipata Wairani baada ya 2015, familia mbili, wanaosikiliza mahubiri kwa vipokea sauti vya masikioni. Dada mmoja alileta wali baada ya ibada, kaupindua kwenye sinia, ukoko juu, wa dhahabu. Kwao ndiyo heshima ya sufuria, wanaita tahdigi. Nikamweleza kwa Kijerumani kibovu kwamba sisi watoto tuliugombania jikoni mpaka tukapigwa. Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo Alhamisi jikoni kwa kanisa ni yetu, wanakuja na Waafghani, na wengine hawajawahi kukanyaga ibada. Mzee wangu wa zamu ya usafi alikumbusha mkutano kwamba mwaka 1842, Hamburg ilipoungua, Wabaptisti waliokuwa wakisumbuliwa na serikali ya mji walifungua jengo lao kwa waliokosa makazi, na hapo ndipo wakubwa walipoanza kuwalegezea kamba. Hoja ya Alhamisi ikapita bila hata kura moja ya kupinga. Tulikuwa tumeinywea kahawa.

Dada, viungo vya pilau usibebe, maduka ya Waturuki yanavyo vyote, na unga wa sembe utaupata duka la Kiafrika ukisafiri kidogo. Beba mwiko. Beba miwili, mmoja utaombwa.